Kuku Nao Waliapa?

Naapa kwamba haya yote ni kweli tupu, neno kwa neno. Siapi kwa kithitu, maana mimi si mwendawazimu na bado nina wajukuu. Naapa kwa jogoo huyu niliyemfunga mguu hapa chini ya benchi, jogoo ambaye mama mmoja wa Mutomo alitaka kunipa mbuzi kwa ajili yake nikamwambia aongeze na shamba. Akitokea mtu yeyote akanionyesha uongo katika hadithi hii, jogoo achinjwe leo leo, aliwe na waliopo.

Hivyo ndivyo nilivyowaanzia watu katika hoteli ya Zulekha mjini Kitui, siku ya soko, sahani ya muthokoi ikiwa mbele yangu. Naiandika hapa kama nilivyoisimulia pale.

Kwa asiyekijua kithitu: ni kiapo cha sisi Wakamba. Si kile cha kuinua Biblia mbele ya hakimu halafu unasema unavyotaka. Wawili wanaogombana wanaapa mbele ya kitu chenyewe, ambacho sitasema kimetengenezwa na nini kwa sababu mnakula, na yule aliyesema uongo anaanza kufa. Hafi peke yake. Nyumba nzima inakwisha, mmoja baada ya mwingine, hata mifugo. Na nyumba ikishashikwa, mtu wa nje hali hapo, hanywi hapo, hapokei kitu kilichotoka hapo.

Sasa, Mutanu alikuwa mtangazaji katika redio moja ndogo ya hapa mjini, iliyokuwa juu ya duka la vyuma. Redio ndogo hivi kwamba mtu akikohoa ngazini, wasikilizaji wa Mwingi walimpa pole. Kipindi chake kilikuwa cha jioni, wakati watu wanachagua mawe kwenye maharagwe, naye alipenda habari za kuchimbua: daraja lililoanguka kabla ya kuzinduliwa, karani aliyekula mbegu za msaada. Halafu ikaja habari ya Kwa Vonza.

Huko Kwa Vonza, mzee Nzau na jirani yake Ndolo waligombania kipande cha shamba kando ya barabara. Zamani hakikuwa na maana, kilikuwa cha kufungia punda. Lakini soko lilipopanuka na watu wakaanza kujenga nyumba za kupangisha, kila jiwe la mpaka likawa na wazazi wawili. Wakapelekana kwa kithitu. Nzau akaapa, akachukua shamba. Mvua haijapita, tumbo lake likavimba, macho yakawa ya njano kama embe bivu, akafa. Mkewe akafuata kwa ugonjwa ule ule.

Mutanu hakuamini kithitu, na alisema hivyo hewani. "Watu wawili wamekufa nyumba moja, na hakuna askari aliyeuliza swali hata moja. Wote wanasema ni kiapo. Mimi nasema wameuawa, na aliyewaua ana miguu miwili."

Simu zikaingia mpaka laini zikalia. Hakuna aliyeuliza habari ya miguu miwili. Kila mtu alikuwa na kithitu chake: cha shangazi, cha mwalimu, cha tajiri aliyebweka kama mbwa mpaka akafa. Ben, bosi wake, kijana mwenye tumbo la mzee, akamwita kando.

"Hiyo ya muuaji punguza. Watu wanataka ile nyingine."

"Ile nyingine si kweli, Ben."

"Nani amesema kweli? Nimesema wanataka."

Mutanu akapunguza. Hakutaja jina la nyumba, lakini alisema "mzee mmoja wa Kwa Vonza mwenye shamba la kando ya barabara," na hata mbuzi wa kule walijua ni nani. Baada ya wiki chache za kipindi, duka likakataa kumuuzia mwana wa Nzau chumvi. Kisima kikamkatalia. Kanisani benchi lake likabaki na nafasi huku na huku, kama jino lililong'olewa wenzake.

Na huyo mwana wa Nzau, Kisilu, ndiye aliyemwoa Kavindu. Na Kavindu ni mdogo wake Mutanu, tumbo moja, ziwa moja, wote wasichana wa Mukuyuni kule Makueni. Hapo ndipo Mutanu alipokuwa amekalia moto. Alianza kuchimba habari ile ili aokoe nyumba ya dada yake, na kila alipofungua mdomo hewani alikuwa anaongeza ukuta mwingine kuizunguka.

Alimfuata Ndolo, maana huyo ndiye aliyekuwa na sababu ya kuua. Akamkuta mzee amehamisha hata mbuzi wake wasichungulie upande ule.

"Mimi nimuue wa nini?" Ndolo akamwambia, akiwa amekunja mikono kifuani kama mtu aliyeajiri kibarua hodari. "Kazi imeshapewa mwenyewe. Mimi hata usiku ninalala kwa adabu, nisimsumbue."

Kisilu naye akafa. Hawakuwa wamejaliwa mtoto. Akabaki Kavindu peke yake katika boma lile, na siku ile simu ilipolia, Mutanu alijua kabla ya kuipokea.

"Mutanu," Kavindu akasema, sauti kama inatoka chini ya kisima. "Nimejiangalia kwa kioo. Macho yamekuwa yale yale."

Hakumuaga Ben. Alipofika Kwa Vonza akapanda boda, na kijana wa boda akasimama mbali kabisa, kwenye kichaka cha mikonge.

"Mimi mwisho hapa."

"Si nyumba ni ile pale?"

"Naiona," akasema kijana, bila kuzima pikipiki. "Nayo isinione."

Mutanu akaenda kwa miguu. Boma lilikuwa limefagiwa vizuri, na hilo ndilo lililomuumiza: mgonjwa amefagia kwa ajili ya mgeni. Hakukuwa na jogoo, hakukuwa na kifaranga, hakukuwa na sauti ya kitu chochote chenye damu. Kavindu alikuwa ameketi mlangoni juu ya mkeka. Mikono ilikuwa imebaki mifupa, tumbo limejaa, na macho, maskini, macho yalikuwa kama yamepakwa manjano ya pilau.

"Usinikumbatie," Kavindu akasema. "Na usikae kwa kile kiti, ni cha Kisilu. Na usiombe maji."

"Nimebeba yangu," akasema Mutanu, akatoa chupa na mkate. Alipoitoa ile chupa, aibu ikampanda mpaka masikioni. Yeye aliyetangazia kaunti mbili kwamba muuaji ana miguu miwili, alikuwa amebeba maji yake kutoka mjini.

Kavindu aliiona chupa.

"Twende hospitali, mwana wa mwaitu, mtoto wa mama yangu."

"Na nani? Gari gani litanibeba? Hospitali wanatibu kiapo?" Akacheka kidogo, akashika ubavu. "Ukitangaza, tangaza kwamba sikuapa. Mimi niliolewa tu. Waulize wasikilizaji wako kama kithitu kinachukua na bibi."

Mutanu akageuza uso. Ili aseme chochote, akauliza: "Nani anakuletea chakula?"

"Kuna nani mwingine? Mutisya peke yake. Mungu ambariki."

Huyu Mutisya alikuwa binamu wa marehemu Nzau, shemasi wa kanisa, mwenye duka la nafaka na mashine ya kukoboa mahindi huko Mukuyuni. Tangu kijiji kiwatenge, ni yeye tu aliyekuja. Kila wiki, tangu Nzau alipochukua shamba, alileta muthokoi, mahindi yaliyokwisha kukobolewa, meupe kama meno ya mtoto, ya kupikwa na maharagwe tu. Hakuogopa kitu. Na kweli, hata kabla jina lake halijapoa mdomoni, huyo akaingia na gunia begani.

"Bwana asifiwe, dada wa redio! Nakusikiliza kila jioni."

"Wewe huogopi kuja hapa?" Mutanu akamuuliza.

"Niogope nini? Kithitu ni cha shetani, na mimi nimeoshwa kwa damu. Waambie hivyo hewani." Akakaa pwaa kwenye kiti cha Kisilu, kile kile. Akashika mkono wa Kavindu bila woga, akaomba mpaka mabati yakaanza kuitikia. Mutanu alipofumbua macho alikuwa analia. Alijiona mdogo. Mtu huyu asiye na digrii wala maikrofoni alikuwa amefanya kile yeye, dada wa damu, aliogopa kufanya.

Kavindu akajikokota jikoni, akarudi na sahani. "Karibu chakula, baba."

"Nimefunga, mama. Nimefunga kwa ajili yako."

"Kila akija amefunga," Kavindu akamwambia dada yake kwa fahari, kama anayemsifu mtoto. "Tangu baba mkwe augue hajaonja kitu hapa. Anatuombea na njaa yake."

Halafu Kavindu akafanya jambo moja. Akageuka na sahani yake akakaa akitazama ukuta, ndipo akaanza kula. Hakuna aliyemwambia ageuke. Alikuwa ameshazoea kwamba mtu wa nyumba hiyo akila, wengine hawapendi kuona.

Mutanu hakuvumilia mgongo ule. Akaiacha chupa yake, akapiga magoti mkekani, akavuta sahani.

"Nipe kijiko."

"Mutanu, hapana."

"Nipe. Tulikula sahani moja tangu hatujui kutembea. Kama ni kufa, basi tufe tumeshiba."

Kavindu akaanza kulia bila machozi. Kijiko kilikuwa kimefika mdomoni kwa Mutanu wakati Mutisya aliporuka kutoka kwenye kiti kana kwamba kimemuuma.

"Dada, usile!"

Kijiko kikabaki hewani. "Kwa nini?"

"Kithitu! Wewe si wa nyumba hii. Unajiingiza kwa nini?"

Mutanu akamtazama shemasi, akaona jasho juu ya mdomo wake, na kivulini mle hakukuwa na joto la kutoa jasho mahali hapo.

"Si ulisema kithitu ni cha shetani, na wewe umeoshwa?"

"Nimeoshwa mimi," akasema Mutisya. "Wewe sijui."

Mutanu akarudisha kijiko sahanini polepole sana. Kichwani mwake mambo yalikuwa yanaanza kusogea. Kithitu kinaua watu wa nyumba tu: ndivyo kila mtu alivyopiga simu kusema. Lakini katika nyumba hii, watu wa nyumba tu ndio waliokula. Jirani hakuonja. Waombolezaji wa matanga matatu walikuja na sufuria zao. Na yule mmoja aliyeingia bila woga, siku zote alikuwa amefunga.

"Kavindu," akaita, macho yakiwa kwa Mutisya. "Kuku wenu walienda wapi?"

"Walikufa. Wao ndio wa kwanza, hata kabla ya baba mkwe. Nilikuwa nikipepeta muthokoi hapo nje, wao wanaokota zinazoanguka. Watu walisema kithitu huanza na mifugo."

"Kuku nao waliapa?"

Mutisya akanyoosha mkono kuchukua gunia lake, na Mutanu, msomi mzima, mtangazaji wa jioni, akarukia gunia akalikalia. Wakavutana. Shemasi anavuta pembe, mwanamke amekaa kama kuku anayeatamia, Kavindu anapiga kelele ya mtu asiye na pumzi. Mwisho Mutisya akaachia. Akatoka bila kufunga kwa sala, na hilo peke yake lilitosha kuwa ushahidi.

"Mimi ninakufa kwa sababu ya mahindi?" Kavindu akauliza. Sauti yake ilikuwa na hasira kwa mara ya kwanza. "Kisilu wangu alikufa kwa mahindi?"

"Simama. Kama si kiapo, basi kuna dawa. Simama, nakuomba."

Hakuweza kusimama. Mutanu akatafuta wilibaro nyuma ya choo, akatandika godoro kuukuu, akamlaza dada yake na lile gunia miguuni, akaanza kusukuma. Gurudumu lilikuwa halina upepo. Lilipiga kila jiwe, na kila jiwe Kavindu aliliitikia, mara kwa kilio, mara kwa matapishi.

Mutisya alikuwa amewatangulia. Walipofika karibu na barabara, boda boda zilikuwa zimepangwa kukata njia, na watu wamesimama nyuma ya pikipiki hizo, akina mama wamefunika pua kwa leso.

"Dada wa redio, mrudishe!" wakapiga kelele. "Ukimpitisha sokoni kitabaki hapa na watoto wetu!"

"Ni mgonjwa! Amelishwa mahindi mabaya!"

"Wewe mwenyewe ulitangaza ni kithitu! Tulikusikia!"

Hilo lilimchoma kuliko kisu, kwa kuwa lilikuwa kweli. Ndipo akaona kitu: watu wale walikuwa wanamzuia huku wakirudi nyuma. Hakuna aliyetaka kuwa wa mbele. Basi akainua mikono yake miwili, ile iliyomshika Kavindu, iliyojaa matapishi ya Kavindu.

"Nani ananishika? Njoo unishike! Wewe? Mama, wewe?" Akashika tena wilibaro akaielekeza kwao kama mtu anayechunga ng'ombe. "Nishikeni basi!"

Wakatawanyika. Pikipiki moja ikaangushwa na mwenyewe. Mutanu akapita katikati ya Kwa Vonza, soko zima likimwachia njia kama rais, akilia kwa sauti.

Kwenye lami hakuna gari lililosimama. Yalipunguza mwendo, yakatazama, yakaongeza. Akapiga simu kwa mama yao Mukuyuni.

"Mwaitu, nina Kavindu. Tafuta gari, au tumlete huko."

Mama alisema polepole, kama anayesoma maneno aliyoandikiwa. "Usimlete, mwanangu. Hapa kuna watoto wa kaka yako. Nina watoto wadogo hapa." Halafu akaanza kulia, na simu ikakatika, au akaikata.

"Alisema nini?" Kavindu akauliza kutoka kwenye wilibaro.

"Anatafuta gari."

"Hujui kudanganya, Mutanu. Afadhali ya redio."

Akampigia Ben. "Ben, nitumie gari la kazini, dada yangu anakufa barabarani."

"Dereva hawezi kukubali, unajua yeye ni Mkamba," Ben akasema. Halafu sauti ikachangamka. "Lakini usikate! Hapo ulipo, kuna mtandao? Tukuingize hewani moja kwa moja?"

Mutanu aliitupa ile simu kichakani. Ikabidi aende akaitafute tena kwa magoti kwenye miiba, maana hakuwa na nyingine. Kavindu alikuwa ameanza kusema maneno ya kumwita Kisilu aje afunge mlango. Jua lilikuwa limesimama juu yao kama askari.

"Rudi mjini, dada," akasema, akili ikiwa imemrudia kidogo. "Nenda kasome habari. Mimi nitapumzika hapa."

"Nyamaza."

"Umesukuma vizuri."

"Nimesema unyamaze!"

Mtu wa mwisho katika simu ile alikuwa mama mmoja wa hoteli mjini, Mwislamu, jina lake sikuambiwa, ambako Mutanu alikuwa akila mchana. Akampigia akiwa hata hajui atamwambia nini. Akamwambia yote, na kithitu pia, asimfiche. Yule mama akauliza swali moja tu: "Uko upande gani wa barabara?"

Ikaja pikapu ya kubeba makaa, dereva mtu wa Lamu, kikofia kichwani. Akashuka, akamtazama Kavindu, akamtazama Mutanu.

"Hiki kithitu chenu," akasema, "kinajua Kiswahili? Kina jina langu mahali?"

"Hapana."

"Basi mpandishe." Lakini nasikia alisoma Ayatul Kursi mara tatu kabla ya kuwasha gari, na ya nne kwa sababu moja aliikosea.

Mpaka hapo, wasomaji, hoteli nzima ilikuwa imeshika vijiko bila kula. Fundi wa baiskeli alikuwa anatoa machozi ndani ya chai. Mama mmoja wa mitumba pale mlangoni alikuwa ameacha kupigia wateja kelele. Na mimi habari ya kweli ilikuwa imeniishia, kwa sababu niliipata kwa watu wa Kwa Vonza, na watu wa Kwa Vonza waliiona pikapu ikienda, hawakuiona ikirudi. Msimulizi gani anaachia hapo? Nikavuta pumzi.

"Walipofika lango la hospitali," nikasema, nikishusha sauti, "Kavindu akaketi wima juu ya yale makaa. Akafungua mdomo. Sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa ya marehemu Nzau, nzito, ikasema: 'Niliapa uongo.' Saa ya ukutani hospitalini ikasimama. Mbwa wa soko lote la Kitui wakalia mara moja. Akajilaza, akakata roho. Na yale mahindi yalipopimwa, jamani, yakakutwa hayana kitu! Kithitu kilikuwa kimewafuata nyuma ya pikapu, kimekunja miguu."

"Uuuwi," akasema mama wa mitumba.

Pazia la jikoni likafunguka. Akatoka mwanamke mwembamba, amefunga leso kiunoni, mkononi ana mwiko unaotoa mvuke.

"Mzee," akasema. "Nimekufa lini?"

Nilimtazama. "Mama, mimi na wewe hatujuani."

"Mimi ndiye Kavindu. Hiyo muthokoi unayokula nimepika mimi. Nimekufa saa ngapi, kabla ya kuweka chumvi au baada?"

Zulekha aliyekuwa anafuta vikombe akacheka kicheko kibaya. "Na yule mama wa hoteli asiye na jina ni mimi. Na dereva yuko hapo nje anaziba tairi. Shee! Njoo umwone aliyemuua abiria wako!"

"Sikusema kwa sauti ya mtu," Kavindu akaendelea. "Nilitapikia daktari viatu, hayo tu ndiyo niliyosema. Mahindi yalipimwa, yalikuwa na sumu ya ukungu. Yalilowa ghalani kwa Mutisya yakaota kijani, na alijua, kuku wake mwenyewe aliwafungia. Akakoboa ganda, rangi ikatoka, akatuletea na maombi, ili sisi tuishe na shamba la barabara limwangukie. Kesi iko kortini hapo juu. Dada yangu aliacha redio, ndiye shahidi. Hiyo ya kuku ulisema sawa, hata nimeshangaa. Lakini nililala wodini mpaka macho yakarudi meupe, mzee, na wewe unakuja kuniambia kithitu kilinimaliza?"

Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha. Nikasikia kijiko kikiwekwa mezani. Fundi wa baiskeli alikuwa amekiweka taratibu, kama kitu kinachoweza kulipuka. Mama wa mitumba akasukuma sahani yake kwa kidole kimoja.

"Ni yule wa Kwa Vonza?" akamnong'oneza jirani yake.

Watu wale walikuwa wamekula chakula cha Kavindu kwa miezi, tangu Zulekha ampe kazi, wakilamba vidole. Zulekha alikuwa hajawaambia jina. Sasa sahani zilikuwa zinasogea mbali na matumbo, moja, nyingine, na Kavindu anaziona. Mkono wenye mwiko ukashuka. Akaanza kugeuka kuelekea ukutani, na mimi niliyetoka tu kuusimulia mgongo ule nikaujua.

Nikaingiza mkono chini ya benchi, nikamtoa jogoo. "Nimeshindwa," nikasema. "Huyu hapa. Achinjwe, apikwe na huyu huyu mama."

Kavindu akamtazama jogoo, akanitazama mimi. "Jogoo baadaye," akasema. "Kwanza maliza sahani yako."

Sahani ilikuwa nusu. Muthokoi ile ilikuwa nyeupe kuliko nilivyoikumbuka. Hoteli nzima ilikuwa inanitazama kama mtu aliye juu ya mti mbovu. Nikachota. Nikatafuna. Nikachota tena. Nikala mpaka nikakwaruza bati.

"Ongeza," nikamwambia.

Alinikazia macho aone kama ni mzaha. Kisha akaenda jikoni, akarudi, akaongeza. Shee aliingia na grisi mkononi, akachukua kijiko, akachota sahanini mwangu bila hodi. Mama wa mitumba alibeba furushi lake akaondoka, na hajarudi hapo mpaka leo. Fundi wa baiskeli akavuta sahani yake kwa upande mmoja, akaigusa.

"Imepoa hii," akasema, hamtazami mtu. "Nipashie moto."

Jogoo alichinjwa saa hiyo hiyo. Alikuwa mgumu kama kiatu cha askari, ilibidi achemshwe mpaka jioni, na kila aliyebaki alipata kipande. Kavindu ndiye aliyegawa, akakaa nasi mezani, uso wake ukitazama watu. Mimi nilipewa shingo.